ClinVar mkononi mwa mwenye jibu la VUS: inafaa wapi, inakwama wapi

Jibu la kipimo cha jeni likifika Malindi na herufi VUS (kwa Kiingereza, variant of uncertain significance), mara nyingi ujumbe wake ni mstari mmoja: kuna kibadala, yaani badiliko katika herufi za DNA, kimeonekana kwenye jeni fulani, na maana yake haijathibitika. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapa hata maabara yenyewe haijui, na imekiri kwa maandishi. Aliyetoa damu anataka kusikia kama ana ugonjwa wa kurithi au hana, tabibu anataka kujua kama abadilishe matibabu, na jamaa nyumbani wanauliza kama nao wakapimwe.

Tathmini hii ni ya ClinVar, hifadhi ya vibadala vya jeni inayoendeshwa na NCBI chini ya taasisi za afya za Marekani, NIH, na iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2013. Kwa kuwa haitoshi peke yake, tumeipima pamoja na gnomAD ya Broad Institute, ambayo kazi yake ni kuhesabu kibadala kimeonekana kwa watu wangapi na wa asili gani.

Tunaipendekeza, kwa sharti moja. ClinVar ni daftari la nani alisema nini, lini, na kwa hoja gani. Si kadhi. Wenyewe wanasema haikukusudiwa kutumika moja kwa moja kutambua ugonjwa. Anayeisoma kama daftari atapata faida kubwa, na anayetafuta hukumu ndani yake atamtia mtu hofu bure, au atamtuliza asipostahili kutulizwa.

Haina malipo, haitaki kujisajili, na inafunguka kwa simu. Lakini jedwali lake ni pana: kwenye simu utalisogeza ubavuni mpaka uchoke, na safu zenye hoja ndizo zinazojificha. Tumia kompyuta, au ilaze simu. Lugha ni Kiingereza kitupu. Jina la mgonjwa usiliandike popote, maana kinachotafutwa ni kibadala, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu data ya jeni kuwa data nyeti. Ule mtindo wa kupiga picha ripoti nzima na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp "mtu atusaidie kusoma" uachwe kabisa.

Jina kwanza

Wengi hukosea kabla hata ya kutafuta, kwa kunakili jina vibaya. Chukua NM_007294.4(BRCA1):c.181T>G (p.Cys61Gly). BRCA1 ni jeni inayohusishwa na saratani ya titi ya kurithi. Hiki si VUS, ni kibadala cha hatari kinachojulikana vizuri, na ndiyo sababu kinafaa kujifunzia. NM_007294 ni nakala ya jeni iliyotumika kuhesabia, na .4 ni toleo lake. c.181T>G inasema kwamba kwenye herufi ya 181 ya sehemu inayoandika protini, T imekuwa G. p.Cys61Gly inasema matokeo yake: asidi amino ya 61, sisteini, imekuwa glisini. Herufi za jeni husomwa tatu tatu, kwa hiyo gawanya 181 kwa 3: unapata 60 na moja inabaki, yaani upo kwenye herufi ya kwanza ya kundi la 61. Namba mbili zimekubaliana. Zisipokubaliana kwenye ripoti yako, kuna aliyekosea kunakili, na usiendelee mpaka umjue.

Ripoti za zamani zina mtego wa aina nyingine. Kibadala hichohicho utakikuta kimeandikwa 300T>G, kwa sababu hesabu ya kale ya BRCA1 ilianza herufi 119 nyuma. Kwa BRCA2, jeni nyingine ya saratani ya kurithi, tofauti ni 228, ndiyo maana 6174delT ya zamani ni c.5946del ya leo. Selimundu nayo, au sikoseli kama wengi wanavyoiita hapa Pwani, iliandikwa Glu6Val miaka mingi, na sasa ni Glu7Val, kwa kuwa asidi amino ya kwanza kabisa siku hizi inahesabiwa. Ugonjwa ni uleule.

Ukitumia namba ya mahali kwenye kromosomu, uliza kwanza ni ramani ipi. Kibadala cha selimundu kipo kromosomu ya 11, nafasi ya 5248232 kwenye ramani ya GRCh37 na 5227002 kwenye GRCh38. Toleo la 2 la gnomAD linatumia ramani ya kwanza, toleo la 4 linatumia ya pili. Ukichanganya, utaangukia herufi elfu 21 na ushei pembeni, na ukurasa hautakuonya.

Kutafuta kwenyewe ni hivi: bandika NM na c. bila mabano. Kisanduku kikinyamaza, ondoa namba ya toleo. Kikinyamaza tena, andika jina la jeni na lile la p. peke yake, halafu uhakikishe mwenyewe kwamba c. iliyotokea ndiyo yako, kwa kuwa mabadiliko mawili tofauti ya DNA yanaweza kuzaa badiliko moja la protini. Ikiwa hakuna kitu kabisa, maana yake ni kwamba hakuna maabara iliyokiwasilisha, basi. Si dalili ya hatari wala ya usalama. Jambo moja la mwisho hapa: tangu 2024 ClinVar inatenga vibadala vya kurithi na vya uvimbe wenyewe wa saratani. Kwa swali la urithi, soma sehemu ya kurithi tu.

Nyota zake

Hapa ndipo watu wanapoingia mkenge. Nyota za ClinVar, kuanzia sifuri hadi nne, hazipimi hatari ya kibadala. Zinapima namna kilivyokaguliwa. Nne ni za mwongozo wa tiba, tatu za jopo la wataalamu, mbili ni maabara kadhaa zenye vigezo vilivyowekwa wazi zinazokubaliana, na moja ni maabara moja yenye vigezo, au kadhaa zinazopingana. VUS yenye nyota mbili haijakaribia kuwa ugonjwa. Ni kwamba maabara zaidi ya moja zimekubaliana kuwa hazijui.

Neno la "kupingana" nalo lichunguzwe. Maabara tatu zikisema VUS na mbili zikasema huenda hakina madhara, ClinVar inaandika kuna mgongano. Maabara moja ikisema kinasababisha ugonjwa na nyingine VUS, inaandika vivyo hivyo. Kwa mgonjwa, mgongano wa kwanza ni nafuu na wa pili ni wa kukufanya ukae wima. Kwa hiyo hesabu kura kwa idadi iliyoonyeshwa kando ya kila daraja, usisome kichwa cha ukurasa peke yake.

Kisha shuka kwenye jedwali la mawasilisho. Hapa ndipo ClinVar inapolipa taabu yako. Kila mstari una tarehe ya mwisho ya tathmini, vigezo vilivyotumika, ugonjwa uliokusudiwa, na mara nyingi maelezo mafupi ya hoja. Mstari wa 2016 na wa 2024 havina uzito sawa: katikati yake kumeongezeka mamia ya maelfu ya watu kwenye gnomAD, na majaribio mapya ya maabara. Soma pia ugonjwa. Jeni moja inaweza kuhusika na magonjwa mawili, na hukumu ya moja isihamishiwe kwa jingine.

Maelezo ya hoja yanafanana sana, na kufanana huko kuna hatari yake. Maabara tatu zikisema "programu za kompyuta zinatabiri madhara" na "hakijaonekana kwenye hifadhi za watu", huo si ushahidi wa watatu. Anayejua isnadi ataelewa haraka: ni riwaya moja iliyopokewa kwa njia tatu. Ushahidi wa kweli unaoongezeka ni mgonjwa mpya, ukoo mpya, au jaribio jipya la seli.

Pointi zinavyojumlishwa

Mwongozo unaotumika na wengi ni wa ACMG na AMP, vyama vya Marekani vya wataalamu wa jeni na wa maabara, wa 2015, wenye vigezo 28: 16 vinavyovuta upande wa ugonjwa na 12 vinavyovuta upande wa usalama. Baadaye vigezo hivi viligeuzwa kuwa pointi, na pointi ndizo rahisi kueleza. Ushahidi wa kuunga mkono una pointi 1, wa kati 2, wenye nguvu 4, wenye nguvu sana 8. Wa upande wa usalama huhesabiwa kwa kutoa. Ukifika 10 au zaidi, kibadala kinasababisha ugonjwa. Kati ya 6 na 9, huenda kinasababisha. Kuanzia 0 hadi 5 ni VUS. Kutoka -1 hadi -6, huenda hakina madhara, na -7 kushuka chini hakina madhara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kibadala hakipo gnomAD: hicho ni kigezo kinachoitwa PM2, ambacho siku hizi hupewa pointi 1 tu. Programu ya REVEL, inayotabiri madhara, imekipa 0.70. Kizingiti cha kuunga mkono ni 0.644 na cha kati ni 0.773, kwa hiyo PP3, kigezo cha utabiri wa kompyuta, inapata 1. Jumla ni 2, yaani VUS. Likitokea jaribio la seli lililothibitishwa vizuri linaloonyesha protini imeharibika, PS3, kigezo cha majaribio ya maabara, inaweza kuongeza 4, na jumla ikawa 6: huenda kinasababisha ugonjwa. Jaribio hilohilo likionyesha protini iko sawa, unatoa 4, jumla -2: huenda hakina madhara. VUS ya pointi 0 na VUS ya pointi 5 zimeandikwa kwa herufi zilezile tatu kwenye ripoti, na hili ndilo lalamiko letu kubwa kwa mfumo mzima. Iandikie maabara iliyotoa ripoti ikuambie vigezo ilivyovitumia. Ripoti nzuri huviorodhesha bila kuombwa.

Usihesabu programu tatu za utabiri kama ushahidi tatu. PP3 huhesabiwa mara moja. Kwa BRCA1 kuna bahati: mwaka 2018 lilichapishwa jaribio lililopima vibadala 3,893 vya herufi moja moja katika sehemu muhimu za jeni hiyo, kwa kuona seli zenye kibadala zinaishi au zinakufa. Jeni nyingi bado hazina kazi ya namna hiyo.

Pachungu kwa mtu wa Pwani

Toleo la 4 la gnomAD, la Novemba 2023, lina watu 807,162. Wenye asili ya Ulaya ni zaidi ya laki tano. Kundi la Kiafrika halifiki elfu 40, na wengi wao ni Wamarekani Weusi, ambao asili yao kwa sehemu kubwa ni Afrika Magharibi. Mgiriama wa Malindi, Mbajuni wa Faza, Mpokomo wa Tana, hao ukiwatafuta humo utachoka. Kibadala kinaweza kuwa cha kawaida kabisa kutoka Mambrui hadi Kiunga, na gnomAD ikasema hakijawahi kuonekana. Maabara ya ng'ambo ikitoa pointi ya PM2 hapo, imetoa pointi kwa pengo lake yenyewe. Mwaka 2020 utafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza jeni za Waafrika, ulisoma jenomu (DNA yote) za watu 426 wa makundi 50 ya Afrika, ukakuta vibadala zaidi ya milioni 3 ambavyo havikuwahi kuandikwa.

Madhara ya pengo hili yalishawahi kuonekana kwingine. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa Wamarekani Weusi kadhaa waliambiwa wana kibadala cha ugonjwa wa moyo kuta nene, kumbe vibadala vile ni vya kawaida kwa watu wa asili yao na havina madhara. Kama ulinganisho wa awali ungekuwa na watu Weusi hata wachache, kosa lisingetokea.

Pwani ina jambo jingine. Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa 2023, uliotumia mifupa ya makaburi ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwingineko, ulionyesha mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000: upande wa Afrika, hasa kwa akina mama, na upande wa Asia, kwa sehemu kubwa Uajemi na kiasi kidogo Uhindi. Kwa hiyo kwa mtu wa Lamu usiishie safu ya Afrika. Fungua jedwali la makundi na usome safu ya Asia Kusini na ya Mashariki ya Kati pia. Kibadala kikiwa cha kawaida katika kundi lolote kubwa, hiyo ni hoja ya usalama, hata kama mgonjwa mwenyewe hajioni kuwa wa kundi hilo.

Lakini sifuri isomwe kwa makini. Kundi la Mashariki ya Kati lina watu kama elfu 3, yaani kromosomu elfu 6, mbili kwa kila mtu. Ukikuta sifuri katika 6,000, kanuni ya takwimu inasema gawanya 3 kwa 6,000: kibadala bado kinaweza kuwa na marudio ya hadi 1 kwa 2,000 bila kuonekana. Na kabla ya kusoma idadi ya kibadala, soma idadi ya kromosomu zilizosomwa mahali hapo, iliyoandikwa AN. Ikiwa ndogo mno kuliko ya vibadala jirani, mahali pale hapakusomeka vizuri, na sifuri yake haina thamani.

Wala wingi usikulaghai upande wa pili. Kibadala cha selimundu ni cha kawaida sana kwetu na kinaumiza vilevile, kwa kuwa malaria ilikilinda kwa wenye nakala moja. Kanuni ya "kingi hakidhuru" ina mipaka kwenye magonjwa yanayohitaji nakala mbili zenye kasoro, ya baba na ya mama.

Kwa uwazi wa hoja tunaipa ClinVar tano kwa tano. Kwa kumfaa mtu wa Lamu aliyeshika ripoti yake, mbili na nusu, na kasoro hiyo si ya waandishi wa programu.

Ukoo

Kinachoweza kufanyika hapahapa, bila kusubiri utafiti wa ng'ambo, ni kupima jamaa kwa mpango. Si kupima kila mtu. Pima waliougua kwanza, kisha wazee wenye afya. Kijana mzima wa miaka 25 mwenye kibadala cha saratani ya ukubwani hakuelezi lolote. Kila hatua ya urithi ina nafasi ya nusu, kwa hiyo kibadala kikifuatana na ugonjwa katika hatua tatu zinazohesabika, uwezekano wa kuwa ni bahati tu ni 1 kwa 8, na hapo ndipo unapopata pointi yako ya kwanza. Hatua moja au mbili hazitoshi, hata familia ikishikilia kuwa "hii ni ya ukoo wetu".

Mtoto mwenye vibadala viwili kwenye jeni ya ugonjwa wa nakala mbili anahitaji sampuli za wazazi wote: kama vyote vimetoka kwa mmoja, nakala ya pili bado nzima. Mahali ambapo mabinamu huoana, mtoto wa mabinamu wa kwanza hutarajiwa kuwa na kama sehemu 1 ya 16 ya jenomu yake ikiwa sawa pande zote mbili. VUS kuonekana mara mbili humo ni jambo la kutarajiwa, na peke yake si ushahidi. Kuna na hili la kusemwa kabla ya kuchukua sampuli, na si baada: kupima baba, mama na mtoto kunaweza kufichua kwamba nasaba siyo inayojulikana. Asiyekubali aachwe.

Sampuli ya mate ina masharti yake: nusu saa bila kula, kunywa, kuvuta, tambuu wala muguka, kisha mililita 2 mpaka kwenye mstari, povu halihesabiwi. Mwezi wa Ramadhani ichukuliwe nusu saa baada ya futari, mdomo ukishapata maji. Damu huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na haigandishwi.

Mwenye jibu aambiwe nini? Maneno kama haya yanatosha: "Mama, jibu hili halisemi una ugonjwa wa kurithi, wala halisemi huna. Tumeona tofauti ambayo bado haijaeleweka. Matibabu yako tutayapanga kwa hali yako na historia ya ukoo wako, si kwa karatasi hii." VUS haitumiki kuamua kukata titi au kutoa ovari (vifuko vya mayai ya uzazi), wala kumwambia dada yake mzima kwamba yuko salama au hayuko. Ikiwa ukoo una saratani nyingi, uangalizi unaendelea kwa sababu ya ukoo. Na akiuliza mara nyingi huishia wapi, kuna jibu: katika uchambuzi mkubwa wa maabara moja ya Marekani uliochapishwa 2018, kati ya VUS za saratani za kurithi zilizobadilishwa daraja, asilimia 91 zilishuka upande wa usalama. Zilizobadilishwa, hata hivyo, zilikuwa chini ya asilimia 8 ya VUS zote.

Kwa kungoja huko ClinVar ina kitufe cha kufuatilia. Ukiwa na akaunti ya NCBI, isiyo na malipo, utaletewa barua pepe daraja la jumla likibadilika. Tumia anwani ya kliniki, si ya daktari mmoja, maana madaktari huhamishwa. Juu ya jalada la faili andika namba inayoanza na VCV pamoja na tarakimu iliyo baada ya nukta, na tarehe uliyoangalia. Tarakimu hiyo hupanda kila rekodi inapoguswa, kwa hiyo mgonjwa akirudi mwakani karani ataona kwa jicho moja kama kuna jipya la kusoma.